Safu nyuma ya nyumba: tupande mama tunayemjua

Kwenye masoko yetu ya Bunia, avoka, maembe, mapapai na mananasi ni vitu vya kila siku. Safu si hivyo. Mtu mwenye kukulia Kisangani, Kinshasa ao Kongo-Kati anaijua tangu utoto: tunda refu kidogo, la rangi ya buluu inayokaribia weusi, nyama ya kijani iliyojaa mafuta. Inalainishwa kwa maji ya moto na kuliwa na chumvi, muhogo, kwanga, mkate ao mahindi ya kuchoma. Hapa kwetu wengi wameionja mara moja ao mbili tu, wakabaki na kokwa mkononi na kujiuliza: nikiipanda nyuma ya nyumba, itaota?

Itaota. Kokwa ya safu ikipandwa ingali mbichi inaota bila shida, na mti unakua mzuri, wenye majani mengi na kivuli. Shida inakuja nyuma. Familia inaweza kuutunza mti ule miaka 5, 6, 7 ao zaidi, kuumwagilia maji, kuuzungushia miiba juu ya mbuzi, kisha mti unatoa maua mengi na matunda hapana. Mwaka wa pili vilevile. Hapo watu wanaanza kutafuta sababu: udongo ni mbaya, jirani ana kijicho, mti una ugonjwa. Mara nyingi hakuna hata moja katika hizo. Mti ni dume.

Kwa mtu mwenye hekta tano, mti mmoja dume si hasara kubwa. Kwa mama mwenye parsele ya mita 15 kwa 20, mahali pa mti mmoja mkubwa ni mahali pake pekee. Akikosea, amepoteza kivuli cha mboga, miaka saba na matumaini ya karo za watoto. Ndiyo maana tunataka kueleza jambo moja tu katika makala hii, na kulieleza vizuri: kwa safu, msipande kokwa msiyojua inatoka wapi, pandeni tawi la mama mnayemjua. Kazi ile inaitwa marikotaje, na kila koperative inaweza kuifanya na kisu, sache na udongo.

Safu ni mti wa namna gani

Wataalamu wanauita Dacryodes edulis. Kwa Kifaransa ni safoutier. Kwao ni upande wa Ghuba ya Guinea: kusini ya Nigeria, Kameruni, Gaboni. Watu waliubeba kutoka kule mpaka ukaenea katika bonde la mto Kongo. Kwa hiyo si mti mgeni katika nchi yetu. Ni mgeni tu kwenye mwinuko wetu. Ukifuata barabara kubwa kutoka Komanda kwenda Mambasa na kuendelea kuelekea Kisangani, unashuka pole-pole kuingia mahali pa joto na mvua nyingi, ndipo mti huu unajisikia nyumbani.

Una ndugu ambaye wengi wetu tunamjua: mti mkubwa wa msituni wenye utomvu wa kunukia unaowaka moto vizuri, ambao majirani zetu Waganda wanauita muwafu. Tunda lake nalo linageuka zambarau na linalainishwa kwa maji ya moto. Msivichanganye: tunda la muwafu ni dogo na kokwa yake ni ngumu kama jiwe; kokwa ya safu ni laini, kucha inaingia.

Sababu ya kuutaka mti huu ni chakula kwanza. Matunda mengi tunayopanda ni ya sukari na maji. Safu ni ya mafuta. Nyama yake ikikaushwa, kati ya theluthi moja na zaidi ya nusu ya uzito wake inaweza kuwa mafuta, na ina protini pia. Inafanya kazi ileile ya avoka: mtoto akiila na muhogo, amekula mboga. Na inauzika. Safu ya Afrika ya kati inasafiri mpaka Paris na Brussels kwa ajili ya watu wetu wenye kuikala kule.

Je, itazaa Bunia?

Tuseme ukweli kabla hamjachimba shimo. Bunia iko zaidi ya mita 1.200 juu ya bahari. Safu inapenda zaidi mahali pa chini ya mita 1.000, penye joto na mvua nyingi. Kwenye mwinuko wetu inaweza kuishi na kuzaa, lakini inakua pole-pole zaidi, na mahali pa kupanda panahesabu sana. Kwa wanamemba wa upande wa Komanda na Mambasa, mnaweza kupanda bila wasiwasi mkubwa. Kwa wanamemba wa Bunia mjini na karibu yake, pandeni mmoja ao miwili penye udongo mzito kidogo, pasipo upepo mkali, karibu na maji ya kuoga na kuosha vyombo. Kwa wanamemba wa milima ya juu, upande wa Djugu penye baridi, hatuwashauri. Wekeni nguvu kwenye avoka, prunye ya Kijapani (matunda ya damu) na marakuja, ambayo yanapenda ubaridi.

Dume, jike, na wa katikati

Katika safu kuna miti ya aina tatu. Mti jike unatoa maua ya kike na kuzaa kila msimu. Mti dume unatoa maua ya kiume tu: hauzai. Wa tatu uko katikati: maua mengi ya kiume na machache yenye sehemu zote mbili, kwa hiyo unazaa matunda kidogo, mwaka mwingine kikapu, mwaka mwingine kumi tu.

Hakuna mtu anayeweza kuangalia mche wa pepinyeri na kujua ni dume ao jike. Majani ni yaleyale, ganda ni lilelile. Anayewauzia mche wa kokwa na kuapa kwamba ni jike, anawauzia maneno. Mti unajitangaza siku ya maua tu.

Tena, hata kokwa ikitoka kwa mama mzuri sana, mtoto si lazima afanane naye. Mama ana safu kubwa, tamu, isiyo na uchachu. Mtoto anaweza kutoa safu ndogo yenye kokwa kubwa na nyama nyembamba kama ganda. Ni kama watoto wa binadamu: tumbo moja, sura mbalimbali.

Tawi ni tofauti. Tawi la mama likitoa mizizi yake na kupandwa, ni mama yuleyule. Kama mama ni jike, nalo ni jike. Kama safu ya mama ni tamu, yake ni tamu. Na kwa kuwa tawi limekwisha kukomaa, linaweza kuanza kuzaa kisha miaka 2 mpaka 4.

Lakini tusidharau dume. Mti jike unahitaji unga wa maua ya kiume, na nyuki ndio wanaoubeba. Kama kijiji kizima kina majike matupu, watatoa maua na matunda yataanguka. Kwa hiyo, ukiwa na dume lililokwisha kukua na jirani ana jike, usikimbilie shoka. Dume moja linatosha kwa majike mengi. Lipandwe ao libakizwe mahali pa wote: kwenye uwanja wa shule, wa kanisa ao kwenye shamba la koperative, pasipo kumnyima mtu parsele yake.

Kumchagua mama

Kazi hii inafanywa wakati matunda yako juu ya mti, si wakati wa kukata. Tumeni watu wawili ao watatu wa koperative, na mmoja awe mama mwenye kuuza sokoni, kwa kuwa yeye anajua mununuzi anashika tunda gani kwanza. Wamuulize mwenye mti na waone kwa macho:

– Mti umezaa misimu mitatu iliyopita? Mti wenye kuzaa mwaka mmoja na kupumzika miwili, acheni.

– Matunda ni makubwa na yanafanana? Pasueni matano. Angalieni unene wa nyama na ukubwa wa kokwa.

– Ladha ni ya namna gani? Lainisheni, onjeni. Kuna safu chachu kama limau na kuna yenye mafuta na utamu. Msichague kwa rangi tu.

– Mti una afya? Matawi yasiwe na vichaka vya mimea mingine vilivyoota juu yake.

– Mwenye mti anakubali? Kubalianeni wazi mnampa nini: franka, miche miwili kwa kila kumi, ao kazi shambani. Mwenye mti akidharauliwa leo, kesho hatawafungulia mlango.

Mkiisha kuamua, fungeni kitambaa cha rangi kwenye matawi mnayoyataka. Mvua ikianza, mnarudi.

Marikotaje, hatua kwa hatua

Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua: mwezi wa tatu ao wa nne, ama mwezi wa nane. Kwenye ukavu wa mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, tawi linateseka na mkebe wa udongo unakauka.

Vyombo: kisu kikali na kisafi, sache ya plastiki inayoangaza (ili muone mizizi), kamba, na udongo laini uliochanganywa na vumbi la mbao lililooza ao kompositi iliyoiva. Mchanganyiko uloweshwe. Ukiukamua kwa mkono, matone machache tu yatoke. Yakimwagika maji, umelowesha kupita kiasi na tawi litaoza.

1. Chagua tawi lililosimama ao kulala kidogo, lenye unene wa dole gumba mpaka wa vidole viwili, lenye majani mazuri na jua. Tawi la kivulini ndani ya mti linachelewa.

2. Kata ganda kuzunguka tawi mahali pawili, nafasi ya sentimeta 4 ao 5 katikati yake. Tosha ganda lote la katikati kama pete.

3. Kwaruza ule utelezi uliobaki juu ya mti mweupe mpaka uishe. Wengi wanasahau hatua hii. Utelezi ukibaki, ganda linajifunga upya, na miezi mitatu mnakuta kidonda kimepona na mizizi hakuna.

4. Zungusha mchanganyiko wa udongo juu ya kidonda, ukubwa wa ngumi mbili, ukifunika hasa upande wa juu wa kidonda, kwa kuwa mizizi inatokea pale. Funga sache, kaza kamba juu na chini kabisa ili maji ya mvua yasiingie na unyevu usitoke.

5. Ngoja. Inaweza kuchukua miezi 2 mpaka 6. Pitieni kila wiki mbili. Udongo ukionekana kukauka, fungueni kamba ya juu kidogo, ongezeni maji, fungeni. Siafu wakijenga ndani, fanyeni upya.

6. Mizizi ikijaa na kugeuka kutoka weupe kuwa kahawia, kata tawi chini ya sache kwa msumeno mdogo. Tosha nusu ya majani ao zaidi, kwa sababu mizizi ile michanga haiwezi kunywesha majani yote.

7. Tosha sache pole-pole bila kuvunja udongo, panda ndani ya mfuko mkubwa, weka pepinyeri chini ya kivuli kizito miezi 2 mpaka 4. Pale ndipo miche mingi inakufa, kwa haraka ya mwenye kuitaka shambani. Majani mapya yakitoka na kukomaa, punguza kivuli kidogo-kidogo.

Msikate matawi mengi kwa mama mmoja. Mti wa kadiri, matawi matano kwa msimu yanatosha. Mkubwa sana, kumi. Tena si yote yatakayofaulu, basi fanyeni hesabu mapema: kama mnataka miche sita, andaeni matawi kumi.

Kupanda kwenye parsele

Chimba shimo la sentimeta 60 kila upande, wiki mbili ao tatu mbele. Weka udongo wa juu kando, uchanganye na mavi ya mbuzi yaliyooza, ukarudishie chini. Mti wa safu unatanuka: uache mita 8 mpaka 10 kutoka mti mwingine mkubwa, na mita 5 angalau kutoka ukuta wa nyumba ya udongo na choo.

Mti wa marikotaje hauna mzizi mkuu unaoshuka chini sana kama ule wa kokwa. Kwa hiyo upepo unaweza kuulalisha. Pigeni nguzo mbili, mfunge kwa kitambaa laini kisichokata ganda, na mkinge upande wa upepo kwa migomba. Migomba inasaidia mara mbili, kwani safu changa inapenda kivuli kidogo miaka yake ya kwanza. Mti ukipanda juu, punguzeni migomba.

Funikeni udongo kuzunguka mti kwa majani makavu, lakini yasiguse shina. Ukavu wa mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, ndoo moja ya maji machafu ya jikoni yasiyo na sabuni nyingi, mara mbili kwa wiki, inaokoa mti. Fanyeni hivyo miaka miwili ya kwanza. Zungusheni uzio juu ya mbuzi, na safisheni majani makavu ya mbali kabla ya watu kuanza kuchoma mashamba.

Tunapongoja, nafasi isilale. Maharagwe, matembele na mayuka vinaishi vizuri chini ya mti mchanga. Msilime kwa jembe karibu na shina, mizizi ya marikotaje iko juu-juu.

Adui mmoja wa kuangalia ni ule mmea unaoletwa na ndege, unaoota juu ya tawi la mti mwingine na kunyonya utomvu wake. Ukiuona ungali mdogo, kata tawi sentimeta 30 ao 40 chini ya pale ulipoota. Ukiung'oa kwa mkono tu, mizizi yake inabaki ndani na unarudi.

Kuvuna na kuuza

Kutoka maua mpaka tunda kuiva ni kama miezi 5. Safu changa ni nyeupe ao ya waridi. Ikiiva inakuwa buluu nzito. Msiipige kwa fimbo wala msitikise mti: safu iliyoanguka inalainika upande ule na kesho imeoza. Tumieni mfuko uliofungwa kwenye mti mrefu, ao mtu apande na kikapu. Matawi ya safu yanavunjika rahisi. Mtoto asitumwe juu.

Tunda hili ni la haraka. Kisha siku 3 mpaka 5 linalainika, hasa likifungwa ndani ya gunia na kuwekwa juani. Kwa hiyo vuneni siku moja kabla ya soko, wekeni ndani ya vikapu visivyo na kina kirefu, penye hewa na kivuli. Mwanamemba mmoja akiwa na kikapu kimoja, mununuzi wa mbali hatakuja. Wanamemba kumi wakivuna siku moja na kuuza pamoja, atakuja. Hapo ndipo koperative inaonekana.

Kwa kuwa watu wa Bunia wengi hawaijui, muuzaji aionyeshe ikiliwa. Sufuria ya maji ya moto, si ya kuchemka kwa nguvu, dakika chache. Ao majivu ya moto. Tunda likilainika, limeiva. Likikaa motoni kupita kiasi linapasuka na kugeuka uji. Weka chumvi, mpe mteja aonje na kipande cha muhogo. Mteja akionja leo, kesho anarudi mwenyewe.

Mti na ardhi: zungumzeni kwanza

Hili si jambo la agronomia, lakini limekwisha kuvunja bustani nyingi kuliko wadudu. Kwetu mti wa miaka mingi ni alama ya mwenye ardhi. Mpangaji akipanda maharagwe, hakuna anayeuliza. Akipanda mti, mwenye parsele anaweza kuona kwamba anataka kubaki milele. Vilevile kwa mama aliyepewa kipande na ndugu za bwana wake, na kwa familia zilizokimbia vita na kuikala kwenye ardhi ya wenyeji.

Tunawashauri hivi. Zungumzeni na mwenye ardhi kabla ya shimo. Andikeni karatasi fupi: nani amepanda, nani anavuna, mtapata nini mkiondoka. Chefu wa kartie ao wa kijiji atie sahihi, na koperative ibaki na kopi. Mnaweza kukubaliana kwamba matunda yanagawanywa nusu kwa nusu. Wengi wenye parsele wanakubali, kwa kuwa mti unabaki kwao.

Kwa asiye na mahali pa hakika, kuna njia nyingine. Mche wa marikotaje unaweza kuishi ndani ya mfuko mkubwa ao ndoo iliyotobolewa chini, mwaka mmoja hata zaidi, ukimwagiliwa maji. Siku anaporudi kwao, anarudi na mti wake. Koperative nazo zinaweza kutenga kona ya shamba la pamoja ambapo kila familia isiyo na ardhi ina mti wake wenye alama.

Na neno moja zito: msitume mtu kwenye njia isiyo salama kwa ajili ya kutafuta mama wa safu. Mti unangoja. Mtu hana wa pili.

Maswali ambayo wanamemba wanatuuliza

"Niko na kokwa tu, mama mzuri sijamuona. Nizitupe?" Hapana. Zipande mara moja, siku hiyo ao kesho yake. Kisha wiki moja nyingi zimekwisha kufa, na zikikaushwa juani hazioti kabisa. Lakini zipelekeni kwenye shamba la koperative, si kwenye nafasi moja ya parsele. Pandeni kumi. Siku ya maua, mnabakiza majike mazuri na dume moja. Wale majike ndio watakuwa mama wenu wa marikotaje.

"Kwa nini tusifanye grefaje, sawa vile tunafanya kwa avoka na maembe?" Kwa safu grefaje inashindwa mara nyingi, hata mikononi mwa mafundi. Marikotaje ni pole-pole lakini ni ya hakika zaidi.

"Muti yangu iko nene, inatosha maua kila mwaka, matunda hapana. Niikate?" Kwanza chunguza maua. Kama katikati ya maua hakuna hata moja lenye kifuko kidogo cha tunda, ni dume. Uliza majirani kama wana jike. Kama wanalo, dume lako linawasaidia. Koperative inaweza kukubaliana wakupe miche ya jike kama asante. Kama lina maua yenye vifuko na yote yanaanguka, labda ni jike lisilo na dume karibu, ao hakuna nyuki kwa sababu ya dawa za kupulizia. Hapo shoka halina kazi.

"Nianze na miti mingapi?" Mmoja kwenye parsele ya mjini. Miwili ao mitatu shambani. Muone kwanza namna inavyoendelea kwenye mwinuko wenu kabla ya kuongeza.

Kazi ya msimu huu

Tunaziomba koperative zifanye mambo matatu kabla ya mvua ijayo. La kwanza, kila kundi liulize wanamemba wake: nani ana mti wa safu, ao ana ndugu mwenye nao, na mti ule unazaa ao hauzai? Andikeni yote kwenye daftari moja, madume na majike. La pili, wachagueni vijana wawili, mmoja msichana, wajifunze marikotaje kwanza kwenye mti rahisi kama ndimu ama pera, ili mkono uzoee kisu kabla ya kugusa safu. La tatu, andaeni pepinyeri ndogo yenye kivuli, karibu na maji, yenye mtu mmoja anayehesabiwa kuwa mwenye kuitunza. Pepinyeri ya wote bila mwenye zamu ni pepinyeri ya mbuzi.

Miaka mitatu ao minne ni mirefu ukiingoja ukiwa umekaa, lakini ni mifupi ukiwa na maharagwe chini ya mti. Daftari lile likianza kujaa mwaka huu, mwanamemba atakayeomba mche mwaka ujao hatapewa kokwa na bahati. Atapewa tawi lenye jina: limetoka kwa mama fulani, wa kijiji fulani, mwenye kuzaa kila msimu.